Datsun ya Ujana Wangu
Nikiwa kijana Nakuru nilikuwa na Datsun 160J kuukuu, nyekundu iliyopauka, ndugu wa ile iliyompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mwaka 1979, wa kwanza kati ya minne mfululizo. Yangu ilipitwa hata na matatu za Gilgil. Pesa ya betri mpya sikuwa nayo, basi kila asubuhi majirani walisukuma. Natia gia ya pili, naachia klachi, inakohoa, inawaka, nao wanabaki na moshi usoni. Ila kona za vumbi nilizipiga kwa madaha, kiwiko dirishani, mafuta ya shilingi hamsini tu kwenye tangi! Niliiuza nikalipa mahari. Mke wangu akisikia mngurumo kama ule hunitazama, kisha hucheka.