ELIMU YA MIAMBA IWAFIKIE WANANCHI

Tangu mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara yake ya jiolojia. Vijana waliohitimu hapo wamelitumikia taifa migodini, katika utafutaji wa maji na katika ofisi za serikali. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini elimu ya miamba si mali ya wachimbaji wa dhahabu peke yao. Ni haki ya kila mwananchi anayelima, anayejenga na anayechota maji katika nchi hii.

Maafa ya Hanang yalitufundisha somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakaporomoka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang ni volkano ya zamani, na miamba ya namna hiyo huoza na kulainika kadiri miaka ipitavyo, ikanywa maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Wataalamu wanalijua hilo. Je, mwenye nyumba kando ya korongo atalijuaje, ikiwa maarifa hayo yamo katika vitabu vya Kiingereza tu?

Tutazame pia maji. Kandokando ya Mlima Meru, miamba ya volkano hutia madini ya floraidi katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huko hupita kiwango hicho. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na floraidi ikizidi sana hata mifupa hupinda. Jicho haliioni floraidi. Mama mwenye ndoo hawezi kuchagua chemchemi iliyo salama mpaka aliyeipima amwambie.

Upo pia upande wa fahari. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Lindi. Wapagazi wenyeji waliibeba hadi bandarini, na zaidi ya tani 200 zikasafirishwa kwenda Ujerumani. Mnyama mmoja kati ya hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin hadi leo. Mtoto wa Berlin humtazama. Mtoto wa Lindi husimuliwa. Mjadala wa kurejesha mifupa hiyo una mahali pake, lakini hatuna sababu ya kuungoja ndipo tuanze kufundisha. Kimondo cha Mbozi kipo. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zipo. Kinachotakiwa ni wafafanuzi.

Kwa hiyo twatoa ushauri kwa idara zote za jiolojia nchini. Kila mwaka itengwe siku ya kuwafungulia wananchi milango, na sampuli za mawe ziwekewe maelezo ya Kiswahili. Wanafunzi wanaokwenda kujifunza nje wasiondoke kijijini kabla ya kuwaeleza wenyeji waliyoyaona. Na kila utafiti unaohusu maji au maafa uishe kwa muhtasari wa Kiswahili, ukabidhiwe serikali ya kijiji husika.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Hatukatai kwamba vyuo vina mahitaji mengi. Lakini mawe yamo kabatini tayari, walimu wapo, na lugha ni yetu. Kinachopungua ni desturi ya kumhesabu mwananchi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu chake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mlima hautoi taarifa kwa barua. Huitoa kwa nyufa na kwa maji yaliyobadilika rangi. Wanaoweza kuisoma taarifa hiyo wana wajibu wa kuwafundisha wanaoishi chini yake, kabla ya mvua nyingine kubwa kunyesha.