Leptis Magna ni Mji wa Afrika

Kilomita zipatazo 130 mashariki ya Tripoli, pembezoni mwa mji wa Khoms, yapo magofu ambayo wajuzi wengi huyahesabu miongoni mwa mabaki bora kabisa ya Dola ya Kirumi popote duniani. Mji huo unaitwa Leptis Magna. Nilifika huko baada ya miezi kadhaa ya barua za mwaliko, mihuri na malipo, nikiwa na mwongozaji niliyetakiwa kumkodi na askari aliyetufuata kila tulipokwenda. Kwa saa nne nilizokaa humo niliona wageni sita, wote kutoka Ulaya. Mmoja wao aliniambia kwa furaha kwamba hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu anaweza kuwa na Roma peke yake. Sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu.

Mji ule haukuanza kwa Roma. Ulianzishwa na Wafoinike karne nyingi kabla ya askari wa Kirumi kuikanyaga pwani ile, ukaishi chini ya kivuli cha Karthago, na utajiri wake ulitoka katika mashamba ya mizeituni yaliyouzunguka. Jengo lake la tamthilia, ambalo viti vyake vya mawe bado vinatazama bahari, lilijengwa mnamo mwaka wa 1 au wa 2 baada ya Kristo kwa fedha za mwenyeji aliyeitwa Annobal Tapapius Rufus. Annobal ni jina lilelile la Hannibal, adui mkubwa kuliko wote ambao Roma ilipata kuwa nao. Mtu huyu aliandikisha sifa zake kwenye jiwe kwa lugha mbili, Kilatini na Kipuniki, yaani Kifoinike cha Afrika Kaskazini, na akajitaja kwa cheo cha sufete, cheo cha mahakimu wa Kifoinike ambacho Roma ilikuwa haijakifuta.

Nilisimama mbele ya maandishi hayo kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Annobal alikuwa pia kuhani wa ibada ya Kaisari Augusto. Wanaharakati watamwita kibaraka, na huenda wana haki. Watumishi wa umma watamwelewa upesi zaidi: alijua mamlaka ilikuwa wapi, akaitumikia, ila hakukubali mji wake usomewe kwa lugha ya mtawala peke yake. Karne moja baadaye, Kaisari Trajan alipoupa mji hadhi ya koloni la Kirumi, heshima kubwa kwa wakati ule, cheo cha sufete kilikoma na Kipuniki kikatoweka kwenye majengo ya umma. Watu waliendelea kukizungumza majumbani. Nawaachia wanafunzi wangu wa sera ya lugha walitafakari hilo.

Katika mji huo ndimo alimozaliwa, mwaka 145, Septimius Severus, aliyekuwa Kaisari mwaka 193 na kufia York, Uingereza, mwaka 211. Mabishano ya mitandaoni kuhusu rangi ya ngozi yake yananichosha. Lililo wazi ni kwamba mtoto wa Afrika alitawala kutoka Uingereza hadi Mesopotamia, na akaurudishia mji wake fadhila kwa uwanja mkubwa wa umma, basilika na bandari iliyopanuliwa. Bandari hiyo leo imejaa mchanga.

Kama ni hivyo, kwa nini tumeizoea kama mali ya Ulaya? Kwa sababu waliokuja kuichukua walisema hivyo. Mwishoni mwa karne ya 17 balozi wa Louis XIV huko Tripoli alisafirisha mamia ya nguzo kwenda Ufaransa. Waingereza walifuata mwanzoni mwa karne ya 19, na nguzo walizozichukua zimepangwa hadi leo katika bustani ya kifalme ya Windsor kuwa gofu bandia, lililojengwa kwa gofu halisi. Kisha Italia ikaivamia Libya mwaka 1911, na kuanzia miaka ya 1920 wachimbaji wake wakaufukua mji uliofunikwa na mchanga. Kazi yao ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini utawala wa Mussolini uliitumia kudai kwamba Waitaliano hawakuvamia, bali walirudi kwao. Wakati nguzo zikisimamishwa Leptis, makumi ya maelfu ya watu wa Cyrenaica walikuwa wamefungwa kambini, na Omar al-Mukhtar alinyongwa mwaka 1931. Mwongozaji wangu aliniambia kwamba babu yake aliyaita magofu yale mawe ya Mtaliano. Ningekuwa babu huyo, nami ningeyaita hivyo.

Hata hivyo, dola ilipovunjika baada ya 2011, wakazi wa Khoms walijitolea kuyalinda mawe hayohayo. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka Leptis, pamoja na maeneo mengine manne ya Libya, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ule upweke aliousifia mgeni yule una bei yake. Mnamo Julai 2019, baharini karibu na Khoms, wahamiaji wapatao 150 walihofiwa kufa maji baada ya chombo chao kuzama. Manusura walirudishwa kwenye pwani ile ile ninayoisimulia, na baadhi yao wakapelekwa vizuizini. Wengi wa vijana wanaopita njia hiyo hutoka Sudan, Eritrea, Somalia na Afrika Magharibi. Mzungu hufika Khoms akiwa na bima na kamera. Mwafrika hufika akiwa na deni kwa msafirishaji. Septimius Severus mwenyewe, kwa pasipoti ya leo, angehitaji viza kwenda York.

Kwa upande wangu, nimeihamisha Leptis kutoka mada ya Ulaya ya kale na kuiweka katika mada ya Afrika, na wanafunzi wataanza na jiwe la Annobal, siyo na lango la ushindi la Severus. Wenye dhamana ya mambo ya kale nchini wanaweza kufanya kubwa zaidi. Kilwa Kisiwani ilikuwa katika orodha hiyohiyo ya UNESCO tangu 2004 hadi 2014, na wapo maofisa wetu wanaojua kwa vitendo namna ilivyotolewa humo: kuta zilivyoimarishwa, bahari ilivyozuiwa, wanakijiji walivyoshirikishwa. Wenzao wa Khoms wanauhitaji ujuzi huo sasa. Maofisa watatu, wiki mbili, kwa barua ya serikali kwa serikali: gharama yake haifiki ile ya kongamano moja la hoteli.