Paa la konsavatori: fundi akisema "haihitaji kibali", mwulize kibali kipi

Wapo wenzetu wenye nyumba hapa England wanaobadili paa la konsavatori, kile chumba cha vioo kinachobandikwa nyuma ya nyumba. Sababu inaeleweka: wakati wa joto ni tanuri, wakati wa baridi ni friji. Vioo vya juu vinaondolewa, linawekwa paa gumu la vigae. Fundi anasema, "Hii haihitaji kibali." Mwenye nyumba anafurahi na fedha zinatoka.

Fundi huyo amesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama.

Mambo ni mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kibali cha mipango miji. Kwa nyumba ya kawaida mara nyingi hakihitajiki, mradi chumba kisivuke mipaka iliyowekwa. Kwa mfano, kimo kisizidi mita 4, na upenu usizidi mita 3 ikiwa chumba kiko ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani. Wenye fleti au majengo ya kihistoria wana masharti makali zaidi.

La pili ni kanuni za ujenzi. Konsavatori ya chini ya mita za mraba 30, iliyotengwa na nyumba kwa ukuta na mlango wa nje, kwa kawaida husamehewa. Ukiweka paa gumu, tarajia msamaha huo kukoma. Fremu iliyotengenezwa kubeba vioo sasa itabeba vigae, na theluji juu yake. Ni lazima mkaguzi wa ujenzi aridhike kwamba fremu na msingi vinahimili, na kwamba joto halipotei ovyo.

Wapo watakaosema huu ni urasimu wa Waingereza. Sikubaliani nao. Chini ya paa hilo watoto wanacheza. Tena siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi atadai cheti. Ukikosa, bei inashuka au biashara inakwama. Na halmashauri ikiamuru paa lirekebishwe au libomolewe, amri inaweza kukuangukia wewe mwenye nyumba, wakati fundi keshahama namba ya simu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi waulize halmashauri kwa maandishi, mkataba utaje nani atapeleka maombi, na usimalize malipo kabla ya kukishika cheti mkononi. Hata kama fundi ni mtoto wa mjomba.