Taarifa si Ombi

Ndugu waamini, katika safari zetu za vigangoni, kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, swali moja hutufuata. Wakulima wa kahawa wakitaka kukaa kuzungumzia bei, au majirani wa mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka wakitaka kushauriana juu ya ardhi yao, hakosi mmoja wa kunong'ona: "Je, kibali tunacho?"

Wazee wa Kimatengo wangelishangaa swali hilo. Katika sengu watu wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao, wakashauriana na kuamua magomvi. Haikuwapo ofisi ya kuwaruhusu. Kibali kilitoka katika sheria ya polisi ya enzi ya ukoloni, tukairithi wakati wa uhuru pamoja na meza ya Bwana Shauri.

Katiba yetu ilinena vingine. Ibara ya 20, mojawapo ya haki za msingi zilizoingizwa mwaka 1984, yampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani. Maandishi mawili yakagongana. Je, Katiba isomwe kwa miwani ya sheria ya polisi, au sheria ya polisi kwa miwani ya Katiba? Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, akiketi Dodoma, alishika njia ya pili. Aliona kuwa uhuru unaongojea hiari ya afisa si uhuru tena, akatangaza kwamba sharti la kibali ni batili. Baadaye sheria ikarekebishwa: mwenye kuitisha mkutano wa hadhara huwapa polisi taarifa saa 48 kabla.

Mtasema, mbona polisi bado waweza kuzuia? Ni kweli, na ibara ya 30 hukubali mipaka kwa ajili ya usalama wa umma na haki za wengine. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, ilifundisha kwamba sheria iwekayo mpaka isiwe ya kiholela, wala isizidi kiasi cha lazima. Kwetu sisi, hofu tupu ya mkuu wa kituo haifikii kipimo hicho.

Hata hivyo hukumu haijilindi yenyewe. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, hata Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio tarehe 3 Januari 2023. Wengi walishukuru. Nasi tulishukuru, ila kwa kusitasita, maana ibara ya 20 ilikuwa palepale miaka yote hiyo, na tulianza kuizoea kama zawadi itolewayo na kutwaliwa.

Basi, viongozi wa jumuiya, mnapoitisha mkutano wa hadhara, barua yenu kwa polisi iwe na kichwa "Taarifa ya Mkutano", wala si "Ombi la Kibali". Tajeni mahali, saa na shabaha. Nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa siku iliyopokelewa.