MKONO WA CHUMA NA FUNDI WA VIOO



Kioo cha rangi cha kujengea si kitu kigeni Kenya. Kule Kitengela, katika karakana zilizoanzishwa na Bi. Nani Croze, mabaki ya vioo vya madirisha huyeyushwa na kufinyangwa kwa pumzi na mikono ya mafundi. Ng'ambo wapo wanaoiachia mashine kazi hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa MIT, Marekani, walionyesha mashine iliyomimina kioo cha moto tabaka juu ya tabaka, kikatoka na mikunjo inayochezea mwanga.

Mashine hatuikatai. Tanuru lile si mchezo! Lakini ikija kwetu, fundi akataye vioo leo afundishwe kuiendesha, asisikie habari zake siku ya kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yataka mwanachama anapopunguzwa, chama na ofisa wa kazi wajulishwe si chini ya mwezi mmoja kabla, tena alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika.

Mkisikia mwajiri anaulizia mashine, mwarifuni katibu wa tawi siku hiyo hiyo.