Walatino hawakosi nia ya kuacha sigara, wanakosa msaada

ANAYEVUTA sigara chache hudhaniwa kuwa ataziacha kwa urahisi. Hali ya Walatino nchini Marekani, yaani wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, yaonyesha mambo si mepesi hivyo.

Takwimu za serikali za 2021 zilionyesha kuwa asilimia 7.7 ya watu wazima miongoni mwao walivuta sigara, Wazungu wakiwa asilimia 11.7. Wengi huvuta sigara chache kwa siku, na familia nyingi haziruhusu moshi nyumbani. Hizo ni nguzo imara kwa anayetaka kuacha.

Lakini nguzo bila paa si nyumba. Mnamo 2015, kati ya wavutaji waliomwona mhudumu wa afya, asilimia 42 tu ya Walatino walishauriwa waache, Wazungu wakiwa asilimia 60. Miongoni mwa Walatino waliojaribu kuacha, waliotumia dawa au ushauri nasaha walikuwa chini ya mmoja kwa kila watano. Wengi hawana bima ya afya, na wengine hutenganishwa na daktari na lugha.

Ushauri wa simu kwa Kihispania upo, tena bila malipo. Kilichosalia ni daktari kumuuliza hata mvutaji wa sigara mbili kwa siku, kwani uraibu haupimwi kwa hesabu pekee.