Uvivu wa Nani?

Msomaji, ukisimama Mtopanga alfajiri utaona wake kwa waume wakitoka majumbani kwa haraka, wengine kwa miguu, wengine wakingojea matatu, wote wakienda viwandani. Jioni, katika Mtopanga hiyo hiyo, utamsikia mtu aliyeketi barazani akisema kwamba viwanda vyetu vimeshindwa na bidhaa za kigeni kwa sababu mfanyakazi wetu ni mvivu, na kwamba ushindani ndio kiboko cha kumwamsha. Naomba tuipime hukumu hii, maana imetolewa bila ya kuita mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni wa kale. Kitambaa cha pamba tukiitacho marekani kilipata jina kwa nchi kilikofumwa. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sultani Said bin Sultan na Marekani, merikebu za Salem zilikileta Unguja kwa wingi, na wafumaji wa pwani na Benadiri wakajikuta wakishindana na mitambo. Je, aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi angefuma kwa bidii gani hata akishinde kiwanda kizima?

Shahidi wa pili ni wa karibu. Kenya ilipofungua milango ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ilifurika mpaka Kongowea. Kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kilifungwa, na Rivatex ya Eldoret ikaanguka, hata Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Shati lililotolewa bure Ulaya halina ndani ya bei yake pamba wala ujira wa mfumaji. Sisemi kwamba ukuta wa ushuru ni dawa ya kila maradhi. Nyuma ya ukuta huo wenye viwanda wengine walilala na mitambo ikazeeka. Lakini tazama ni nani aliyelala, na ni nani aliyeachishwa kazi.

Sasa njoo kwenye viwanda vinavyoshona nguo za kuuzwa ng'ambo. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000 iliviruhusu kupeleka nguo Marekani bila ushuru, navyo vikastawi. Tarehe 1 Januari 2005 mipaka ya kiasi iliyowekewa nguo za China na wengineo ikaondolewa, na maelfu ya Wakenya wakapoteza kazi. Mikono yao ilikuwa ile ile ya Desemba.

Katika viwanda hivyo mtu hashoni shati zima: huyu kola, yule mkono, mwingine vifungo. Kitambaa kingi hutoka Asia kwa meli. Meli ikichelewa, au umeme ukikatika, fundi hukaa bure mbele ya cherehani. Tuseme ashona kola 40 kwa saa. Kwa saa 8 atapata 320. Umeme ukikatika kwa saa 2, atapata 240. Daftari litaandika kwamba tija yake imepungua robo, na halina safu ya kuandika habari za umeme. Kisha msimamizi, akihofia bei za wageni, humwongezea fundi idadi ya kola za kesho, na cherehani ni ile ile.

Anayetaka kweli kola ziongezeke na aanzie hapo: kwenye umeme, kwenye bandari, na kwenye pamba yetu isiyo na mnunuzi. Akishamaliza, ndipo aje Mtopanga kuuliza habari za uvivu.